Neva ya mende, zebaki ya Tiira: shajara ya mradi

20 Januari

Mradi umeanza rasmi, yaani tumekubaliana tunatengeneza nini na nani atanunua betri. Tunataka meza ya maonyesho inayobebeka kwenye boda boda, ya kuwaonyesha watu wa wilaya ya Busia, Uganda, jinsi ishara za neva zinavyosafiri, na jinsi joto, baridi, kipigo, kukosa hewa na sumu zinavyozivuruga. Tumelenga wachimbaji wa dhahabu wa Tiira, wavuvi wa Majanji, wakulima wa nyanya na vijana wa boda. Lugha ni Kiswahili. Kwenye shimo moja la Tiira utamkuta Msamia, Mteso, Muganda na mtu aliyevuka mpaka juzi kutoka Kenya, na Kiswahili ndicho wanachogombana nacho na kupatana nacho.

Tuko watatu: mimi wa biolojia, mwenzangu wa fizikia, na fundi wa redio mwenye kibanda karibu na paki ya taksi. Wanafunzi wa klabu ya sayansi huja na kupotea kufuatana na mitihani.

Nimeweka sharti moja kabla hatujaunganisha waya hata mmoja: maneno "inaharibu ubongo" hayatatumika. Pombe inaharibu ubongo, zebaki inaharibu ubongo, gundi inaharibu ubongo, simu nayo wanasema inaharibu ubongo. Mtu akiambiwa kila kitu kinaharibu ubongo, ataona basi kuishi kwenyewe ndiko kunakouharibu, na ataendelea na shughuli zake. Ninachotaka aondoke nacho ni mahali: sumu hii inashika hapa, joto linashika pale, kipigo kinaanzia huku. Na mahali penyewe si pengi. Nikihesabu napata patatu: milango ya ioni (chembe zenye chaji ya umeme, kama za sodiamu) kwenye utando wa neva, pampu ya utando huo pamoja na nishati inayoiendesha, na sinapsi, ule mwanya ambapo neva moja inaipa nyingine ujumbe kwa njia ya kemikali. Mengi yanayotupata yanapita katika mojawapo ya hizo.

2 Februari

Kikuzaji kimetoa sauti. Fundi ametumia AD620, chipu inayopima tofauti ya volti kati ya ncha mbili na kupuuza kile kinachofanana kwenye zote, akaiunganisha na TL072, kikuzaji kingine, na mwishoni LM386 inayoendesha spika iliyotolewa kwenye redio mbovu. Betri ni za volti 9. Ishara tunayoitafuta ni ndogo mno. Ndani ya neva volti hubadilika kwa kama milivolti 100, lakini sisi tuko nje, pini zetu zimechoma mguu wa mende tu, na kinachozifikia ni sehemu ndogo ya milivolti moja. Ndiyo maana tunaikuza mara elfu moja hivi.

Cha kwanza kusikika kilikuwa umeme wa ukutani: mngurumo wa hezi 50 kutoka kila waya wa jengo. Mwalimu wa fizikia akaleta mkebe wa biskuti, akautoboa tundu la kupitishia waya, akaliunganisha bati lake na ardhi ya saketi, akaufunika mguu humo ndani. Mngurumo ukafa.

Upande wa mende ni hivi. Anatiwa kwenye maji ya barafu mpaka atulie kabisa, mguu mmoja wa nyuma unakatwa, mwenyewe anarudishwa kwenye kopo lake na kipande cha ndizi. Kama bado hajakomaa, mguu humea tena anapojivua gamba. Mguu unalazwa juu ya kizibo, pini moja kwenye paja, nyingine chini kidogo. Ukigusa mwiba mmoja wa mguu kwa ncha ya kijiti cha meno, spika inapiga: trrr, kisha kimya. Mwiba mwingine unatoa trrr nyembamba zaidi. Kila mwiba una neva yake ya kuhisi mguso, na kwa sikio lililozoea unaweza kuzitofautisha.

Mwanafunzi mmoja wa Senior 3 akauliza, "Mwalimu, mguu umekatwa, sasa nani anasikia?" Hakuna anayesikia. Neva inapiga, ujumbe unafika palipokatwa na kuishia hapo. Swali hilo nimeliandika kwa herufi kubwa kwenye daftari la klabu, maana ndilo mpaka wa meza yetu: tunasikia ishara ikipita, hatusikii ubongo ukiipokea.

3 Februari

Bango la kwanza limechorwa. Neva iliyotulia ina takriban milivolti 70 pungufu ndani kuliko nje. Tofauti hiyo inatunzwa na pampu: kila mzunguko inatoa ioni 3 za sodiamu na kuingiza 2 za potasiamu, na kila mzunguko unakula ATP, kemikali inayobeba nishati ya seli. Ishara ikija, milango ya sodiamu inafunguka, sodiamu inamiminika ndani, volti inapanda. Milango hiyo inajifunga, ya potasiamu inafunguka, volti inashuka. Yote ndani ya milisekunde moja au mbili. Hodgkin na Huxley waliyapima haya kwenye neva nene ya ngisi, wakayachapisha mwaka 1952, na Nobel ikafuata 1963.

Kwa wavuvi nitasema hivi: neva ni mtumbwi unaovuja kwa makusudi. Kuvuja ndiko ishara yenyewe, na pampu ni yule anayefua maji bila kupumzika. Ubongo ni kama asilimia 2 ya uzito wa mwili, lakini mtu akiwa amekaa tu unachukua karibu asilimia 20 ya nishati yake, na sehemu kubwa inaishia kwenye kufua maji.

16 Februari

Baridi na joto. Kwa baridi tumeweka barafu ya muuza samaki chini ya kizibo. Ndani ya dakika chache trrr imekuwa t... t... t, halafu hata ukisukuma mwiba kwa nguvu hakuna jibu. Ondoa barafu, subiri, sauti inarudi. Milango ya ioni ni protini, na baridi inazichelewesha kufunguka na kufunga. Kwa binadamu, kila nyuzi moja inayopungua mkononi inaipunguzia ishara mwendo wa kama mita 2 kwa sekunde. Ndiyo sababu wapimaji wa neva hospitalini huupasha mkono wa mgonjwa kwanza, wasije wakaandika ugonjwa mahali penye baridi tu.

Hapo niliingiza habari ya mwendo. Neva za kasi, zilizovikwa myelini, yaani ala ya mafuta, hufikia mita 120 kwa sekunde. Nyembamba zisizovikwa ni mita moja hivi. Ukijikwaa kidole kwenye jiwe unapata maumivu mara mbili: la kwanza kali na la papo hapo, la pili linakuja nyuma taratibu na kukaa. Wanafunzi wote waliwahi kuyapata, hakuna aliyewahi kuyatenganisha mawili hayo. Nusu saa ikapotea kwa watu kujigonga vidole kwenye miguu ya meza.

Joto limetushangaza zaidi. Chupa ya maji ya moto ilipowekwa, milio iliongezeka, ikaanza kukimbizana, kisha kimya cha ghafla. Tukapoza, ikarudi kwa kusuasua. Hili linajulikana kwa nzige: akipashwa kupita kiasi, potasiamu inafurika nje ya seli katika sehemu ya kati ya mfumo wake wa neva, pampu inazidiwa, na shughuli zote za umeme zinazimika kwa muda. Wale waliotuingilia kupitia Karamoja Februari 2020, nani angedhani wana la kutufundisha. Wimbi la aina hiyo hiyo Mbrazili Aristides Leão alilieleza mwaka 1944 kwenye ubongo wa sungura, na leo linahusishwa na ile mianga na michoro ambayo wenye kipandauso huiona kabla kichwa hakijaanza kuuma, na pia hutokea kwenye kiharusi na majeraha ya kichwa.

Kina mama watauliza kuhusu degedege, najua. Homa peke yake inaweza kumletea degedege mtoto wa kati ya miezi 6 na miaka 5, na mara nyingi hupita bila kuacha alama. Lakini hapa kwetu nyuma ya homa kunaweza kuwa na malaria iliyopanda kichwani, kwa hiyo mtoto alazwe ubavu, asitiwe kijiko mdomoni, na apelekwe kituo cha afya siku hiyo hiyo. Hayo yataingia kwenye bango bila kuchora neva yoyote.

1 Machi

Jaribio ninalolipenda kuliko yote. Dawa ya kawaida ya kupulizia mbu, ya jamii ya pareto, imedondoshewa kwenye pamba, pamba ikagusishwa mguu. Tukasubiri. Kisha kijiti cha meno kikagusa mwiba mara moja tu. Badala ya trrr na kimya, spika ikapiga na kuendelea kupiga baada ya kijiti kuondolewa, kwa mafungumafungu, hakuna aliyegusa kitu. Darasa zima likanyamaza. Fundi, ambaye hana habari na biolojia, akasema, "Hiyo swichi imekwama."

Imekwama kweli. Pareto, lile ua linalolimwa milima ya Kenya na Rwanda, na ndugu zake wanaotengenezwa viwandani, hushika mlango wa sodiamu na kuuzuia usijifunge kwa wakati. Mguso mmoja unakuwa miguso mingi. DDT nayo inashika mlango huo huo, ingawa kwa umbo ni kemikali nyingine kabisa. Watu wa Apac na Oyam wanaikumbuka DDT ya mwaka 2008, ilipopuliziwa ndani ya nyumba kupambana na malaria, na malalamiko ya wakulima wa pamba ya asili yaliyoambatana nayo.

Halafu tukarudisha barafu. Hapa ndipo baridi na kemikali vinapokutana kwa namna isiyotarajiwa: badala ya baridi kunyamazisha, dawa za aina hii zina nguvu zaidi kwenye baridi kuliko kwenye joto. Mguu uliopozwa kidogo uliendelea kupiga muda mrefu kuliko ule wa joto la chumba. Mlango uliocheleweshwa na dawa unacheleweshwa tena na baridi. Ndiyo sababu mojawapo dawa hizi zinamwangusha mbu na kumwacha anayelala chini ya chandarua: mwili wetu una nyuzi 37, milango yetu ya sodiamu haizipokei kirahisi kama ya mdudu, na ini letu linazivunja upesi. Hii lazima isemwe kwa sauti kwenye kila kikao. Nisingependa mtu atoke kwenye meza yetu akavue chandarua kitandani.

Mbu nao hawakulala. Wengi wana badiliko dogo kwenye mlango wenyewe wa sodiamu, na dawa haipati pa kushika.

8 Machi

Mende wameisha. Vijana walitumwa jikoni kwa shule, wakarudi na kopo limejaa. Mpishi amekasirika kwamba tunamtangaza. Tumemwomba radhi kwa sabuni ya unga.

15 Machi

Sinapsi. Mguu wa mende hautusaidii hapa, kwa sababu sinapsi tunazozitaka zimebaki kwa mende mwenyewe. Tumetumia mabango na hadithi ya Otto Loewi: mwaka 1921 alichukua mioyo miwili ya vyura, akaisisimua neva inayopunguza mapigo ya moyo wa kwanza, kisha akachukua maji yaliyouzunguka moyo huo na kuutia wa pili. Wa pili nao ukapunguza mwendo, na hakuna neva iliyoguswa. Ujumbe ulikuwa ndani ya maji. Baadaye ikajulikana kuwa ni asetilikolini, kemikali ambayo hutumika pia kati ya neva na misuli, na ndani ya ubongo.

Ujumbe ukishatumwa lazima ufutwe. Kazi hiyo ni ya kimeng'enya kiitwacho asetilikolinesterasi, miongoni mwa vimeng'enya vyenye kasi kubwa kabisa: molekuli yake moja huvunja maelfu ya molekuli za asetilikolini kwa sekunde. Dawa za wadudu za jamii ya oganofosfeti, na kwetu ziko kila duka la pembejeo, hukiziba. Ujumbe haufutiki. Mate, machozi, jasho, mboni za macho kuwa ndogo kama tundu la sindano, tumbo kusokota, misuli kurukaruka. Ikizidi ni degedege na pumzi kukatika. Sarini iliyotumiwa kwenye treni za chini ya ardhi za Tokyo tarehe 20 Machi 1995 ilishika kimeng'enya hicho hicho.

Kikao na wakulima wa nyanya kilikuwa cha mchana, chini ya mwembe. Mama mmoja aliyepulizia asubuhi alikuja na pampu yake mgongoni, nguo ya mgongoni bado mbichi kwa dawa.

"Mama, hiyo inavuja."

"Inavuja kidogo tu, mwalimu. Nikimaliza nakunywa maziwa."

Maziwa yamezagaa sana kwenye mashamba haya, na sijapata kikao ambacho hayakutajwa. Hayana cha kufanya kwenye sinapsi. Kimeng'enya kilichozibwa hakisikii maziwa. Dawa inaingia kupitia ngozi, na ngozi ya mama huyu ilikuwa imeloa tangu asubuhi. Tulichowaambia ni cha kawaida kabisa: pampu inayovuja ifungwe mpira mpya, bomba lililoziba lisipulizwe kwa mdomo, nguo zivuliwe na mwili uoshwe kwa maji na sabuni mara kazi inapoisha, na mwenye dalili apelekwe na chupa ya dawa ili mhudumu asome kiambato. Kituo cha afya kina sababu ya kuitaka chupa: atropini inazuia asetilikolini iliyojazana isishike vipokezi vya tezi na moyo, na pralidoksimu inaweza kukifungua kimeng'enya kama haijachelewa, kwani kadiri saa zinavyopita kifungo kinazidi kukaza.

Mzee mmoja akauliza swali zuri: kama inaua mdudu kwa neva, na mimi nina neva, mbona mimi sijafa? Dozi, mzee. Na uzito wa mwili. Lakini mlango ni mmoja.

29 Machi

Tiira. Nilitaka kuandika haya usiku huo huo, nikashindwa kwa uchovu, naandika asubuhi.

Tulifika wakati wa kuchanganya. Mawe yameshasagwa kuwa unga na kinu ambacho kelele zake zinawafanya watu wazungumze kwa mikono. Unga umeoshwa, mchanga mzito umebaki kwenye karai. Kijana anadondosha zebaki kutoka kwenye kichupa kidogo cha plastiki, anaikanda kwa kiganja kitupu, inakusanya dhahabu. Kisha anaikamua kwenye kitambaa cha nailoni. Zebaki ya ziada inarudi kwenye kichupa, ndani ya kitambaa linabaki donge la kijivu la ukubwa wa punje ya mahindi. Donge linawekwa kwenye kifuniko cha bati juu ya sigiri. Mke wake alikuwa upande wa pili wa sigiri hiyo akisubiri kurudisha sufuria. Kijivu kikaanza kugeuka njano, na kila kilichoondoka kwenye donge kiliondoka kama hewa, bila rangi, bila harufu.

Hofu yao iko mikononi. Wanaosha mikono, wanaogopa kuimeza. Kwa kweli zebaki ya maji ikimezwa, tumbo linaichukua kidogo sana. Mvuke ndio mbaya: karibu asilimia 80 ya ule unaovutwa unabaki mwilini. Mvuke huo unapita ukuta unaokinga ubongo bila shida, na ukishafika ndani ya seli unabadilishwa kuwa ioni, na ioni haiwezi kutoka ilikoingilia. Humo inang'ang'ania salfa iliyo kwenye protini, na protini hizo ni pamoja na milango, pampu, na zile zinazofyonza glutamati baada ya ujumbe kupita. Glutamati ndicho kisisimuzi kikuu cha ubongo. Isipofyonzwa, neva zinachochewa kupita kiasi. Mikono inatetemeka, usingizi unakatika, mtu mpole anakuwa mkali au anajificha watu.

Mwalimu wa fizikia aliwapa karatasi, kila mtu achore konokono kuanzia katikati kwenda nje bila kuegemeza mkono. Mizaha mingi, wengine wakachora vizuri. Mzee mmoja aliyechoma miaka mingi mchoro wake ulikuwa na meno mstari mzima. Akaitazama, akaikunja, akaitia mfukoni. Kutetemeka kuna sababu nyingi na sisi si madaktari, kwa hiyo tulimwambia hilo tu na kumwelekeza kituo cha afya.

Wakauliza kuhusu samaki. Nikawaambia habari ya Minamata, Japani, ilivyotambuliwa mwaka 1956: kiwanda kilimwaga zebaki ghubani, ikaingia kwenye samaki ikiwa zebaki ya methili, na hii ina ujanja wake. Ikishikamana na kipande kimoja cha protini inafanana na chakula ambacho ubongo unakihitaji, hivyo inabebwa na kuingizwa ndani. Watoto waliokuwa bado tumboni waliumia vibaya kuliko mama zao. Mkataba wa kimataifa wa kupunguza zebaki, ulioanza kutumika tarehe 16 Agosti 2017, umepewa jina la mji huo.

Kelele za kinu nilikuwa sikuzipanga, zikajileta. Panya waliowekwa kwenye kelele kali kwa saa mbili walipona usikivu wao kwa vipimo, lakini sinapsi nyingi kati ya seli za sikio na neva zilikuwa zimepotea bila kurudi; hayo yalichapishwa mwaka 2009. Kijana wa kinu alisema yeye anasikia vizuri, ila sokoni penye watu wengi haelewi mtu anasema nini. Nimeandika maneno yake kama alivyoyasema.

12 Aprili

Majanji, kifupi kwa sababu mvua ilituondoa. Chubwi za nyavu zinayeyushwa kutoka kwenye betri kuukuu za gari, ndani ya sufuria, watoto wanachezea matone yaliyopoa. Ya risasi, metali iliyomo kwenye betri hizo, ni hivi: ioni yake inajifanya kalsiamu. Kwenye mwisho wa neva, kalsiamu ndiyo inayoamuru kemikali imwagwe sinapsini. Risasi inaziba mlango huo wa kalsiamu, kwa hiyo ujumbe halisi unafifia, na wakati huo huo ikishapenya ndani inachochea kemikali imwagike bila kuagizwa. Ujumbe mdogo, makelele mengi. Inaziba pia kipokezi kimoja cha glutamati ambacho ubongo unakitegemea kujifunza. Mtoto anafyonza hadi nusu ya risasi anayoimeza, mtu mzima kama asilimia 10, na mtoto mwenye upungufu wa madini ya chuma au kalsiamu anafyonza zaidi. Hakuna kiwango kinachojulikana kuwa salama.

Petroli yenye risasi ilishaondoka kwetu, Afrika ya kusini mwa Sahara iliachana nayo kufikia 2006, na watu wengi wanadhani habari ya risasi iliisha hapo. Sufuria ya Majanji inasema vingine. Tulikubaliana na mwenyekiti wa mwalo kwamba uyeyushaji uhamishwe mbali na nyumba na sufuria isirudi jikoni. Si suluhisho, ni nafuu.

26 Aprili

Siku ya pampu na nishati. Bango hili ndilo lililobeba mambo mengi kuliko yote, na nadhani ndilo linaloeleweka upesi kuliko yote, kwa sababu ya mtumbwi. Damu ikikatika kichwani, fahamu zinaondoka ndani ya kama sekunde 10. Anayefua maji ameondoka.

Sigiri ndani ya chumba kilichofungwa: monoksidi ya kaboni inaishika himoglobini, kibeba oksijeni cha damu, kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni. Muhogo mchungu usioloweshwa na kukaushwa sawasawa: sayanidi yake inafunga kimeng'enya cha mwisho katika njia ya kutumia oksijeni, kwa hiyo hewa ipo lakini ATP haitengenezwi. Septemba 2017 huko Kasese watu 98 waliugua kwa unga wa muhogo, wawili wakafariki. Palipo na ukame au vita, watu wakila muhogo wa namna hiyo majuma mfululizo na protini ni haba, inakuja konzo, miguu yote miwili kukakamaa ghafla na kubaki hivyo. Na waragi, pombe kali yetu, iliyotiwa methanoli: mwili unaigeuza asidi ya fomiki, na asidi hiyo inafunga kimeng'enya kile kile. Neva ya jicho, yenye njaa kubwa ya nishati, ndiyo ya kwanza kulia. Kabale mwaka 2010 waragi ya aina hiyo iliua makumi ya watu.

Kijana mmoja akasema, "Kwa hiyo muhogo, waragi na sigiri ni kesi moja?" Karibu kabisa, ndugu yangu. Swali lake limekuwa kichwa cha bango.

10 Mei

Vijana wa boda. Walikuja wakidhani ni semina ya barabarani yenye posho ya usafiri. Nusu wakaondoka walipojua haina. Waliobaki walitaka kujua kwa nini mtu anaanguka, anaamka, anasema yuko sawa, kesho yake hajui alikoegesha pikipiki.

Ubongo ukitikiswa, utando wa neva unanyooshwa na kuvuja bila mpango. Potasiamu inatoka, glutamati inamwagika, kalsiamu inaingia. Pampu zinafanya kazi kwa kasi kubwa kurudisha hali, zinahitaji sukari nyingi, na wakati huo huo damu inayofika imepungua. Pengo hilo la nishati linadumu siku kadhaa, picha ya kichwa inaweza isionyeshe kitu, na kipigo cha pili ndani ya siku hizo kinamkuta mtu akiwa hana akiba. Kwa hiyo kupumzika ni sehemu ya tiba, na kurudi barabarani jioni hiyo hiyo ni hatari hata kama kichwa hakiumi.

"Nani atamlipa tajiri wa pikipiki?" aliuliza mmoja. Hatukuwa na jibu la neva kwa swali hilo. Tulizungumza kofia, na kwamba kofia iliyopasuka imeshamaliza kazi yake.

17 Mei

Wanafunzi waliomba siku yao wenyewe kabla ya mitihani. Kahawa: ubongo ukifanya kazi unakusanya adenosini, inayotuliza neva na kuleta usingizi, kafeini inakaa kwenye vipokezi vya adenosini bila kuviamsha. Uchovu uko pale pale, taarifa yake ndiyo imezuiwa. Nusu ya kafeini bado imo mwilini baada ya kama saa 5, kwa hiyo kikombe cha saa tatu usiku kinakuibia usingizi ulioutaka kwa ajili ya kukariri. Mairungi (miraa) ni jambo lingine, kathinoni yake inasukuma nje dopamini na noradrenalini, kemikali za ujumbe za ubongo, inafanana na amfetamini, dawa ya kusisimua.

Msongo wenyewe nao ni kemikali. Mwaka 1968 Bruce McEwen na wenzake walionyesha kwamba homoni ya msongo ya panya inashikwa kwa wingi na hipokampasi, sehemu inayotengeneza kumbukumbu. Msongo wa muda mfupi unanoa. Wa majuma unapunguza matawi ya neva za hapo, na kwa panya matawi hayo humea tena msongo ukiondolewa. Sikuongeza neno. Mitihani ilikuwa Jumatatu.

24 Mei

Hali ya vifaa: LM386 mbili zimeungua, fundi anadai. Mkebe wa biskuti umepata kutu kwa unyevu na mngurumo umeanza kurudi. Mwalimu wa fizikia ameahidi mwingine. Mabango manne yamekamilika, la zebaki linachorwa upya ili moshi usionekane, kwa sababu mchoraji aliupaka kijivu na watu wa Tiira wangesema wao wa kwao hauna rangi.

Kutoka Tiira umekuja ujumbe wa simu. Wanasema safari ijayo tuje na chombo cha chuma cha kunasia mvuke, chenye bomba la kupozea, wakijaribu mbele yetu; zebaki inayorudi kwenye kichupa ni pesa inayorudi. Mende, wamesema, tumwache nyumbani. Mchomeleaji wa karibu na paki ametazama mchoro, anasema bomba la maji la chuma la nusu inchi litafaa, ila uzi wa kifuniko lazima ukatwe kwenye mashine na mwenye mashine yuko Tororo. Fundi anakwenda huko Jumanne na kipimo.